Betri ya Pili

Picha aliyonitumia kaka saa nane mchana ilikuwa ya waya. Hakuandika neno lolote chini yake. Waya mwekundu, mnene kama kidole cha mwisho, au niseme uliokuwa mwekundu, maana ganda lake lilikuwa limeyeyuka na kugandamana kama lami, na shaba ya ndani imebadilika rangi. Nilikuwa maktaba, mbele yangu sura ya pili ya tasnifu ya uzamili, inayohusu namna ya kuhifadhi umeme wa jua katika vijiji visivyofikiwa na gridi. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Pembeni kabisa, nusu imekatwa, kulikuwa na mkono uliofungwa kitambaa cheupe.

Njia ya ule waya niliichora mimi.

Kaka ana Kirikuu. Kwa asiyeishi Tanzania, Kirikuu ni kale kagari kadogo ka mizigo, Suzuki Carry, ambako huku kwetu Morogoro hubeba mchanga, nyanya na magodoro ya wanaohama. Chake kinabeba sauti. Nyuma amefunga spika mbili kubwa za mbao na honi nne juu ya paa, ndani ana amplifaya na maiki, na kwa siku mteja akimpa Sh 80,000 na mafuta, atazunguka kuanzia Msamvu hadi Kihonda akitangaza mechi ya uwanja wa Jamhuri, mkutano wa injili, duka jipya la simu, mnada wa nguo. Msiba akiombwa hutoza mafuta tu. Sauti yake ya msiba ni tofauti. Huizima singeli dakika nzima kabla ya kuanza kusema, ili watu wajue kinachokuja si biashara.

Watu hudhani gari la matangazo ni gari lenye kelele, basi. Kazi yenyewe ni kwenda taratibu. Mama anayepepeta mchele uani lazima asikie sentensi nzima kabla gari halijapita nyumba yake, kwa hiyo kaka huendesha kwa gia ya kwanza, mguu hauko kwenye mafuta, siku nzima. Na hapo ndipo ugomvi kati ya injini na muziki unapoanzia.

Altaneta, kile kifaa kinachozungushwa na mkanda wa injini kikazalisha umeme wa gari, hutoa kadiri inavyozungushwa. Ya Kirikuu cha kaka imeandikwa amperi 45, lakini hizo ni za injini inayokimbia. Kwenye silensa, kama mafundi wanavyouita ule muungurumo wa gari lisilokanyagwa mafuta, labda upate 20. Gari lenyewe linakula kama 8 ili tu liendelee kuwaka. Zinabaki 12. Amplifaya ya wati 800 kwenye volti 12, ukijumlisha kinachopotea kama joto, inaweza kuvuta karibu amperi 100 pale besi inapopiga. Ni kweli besi haipigi muda wote, muziki una mapumziko na maneno yana nafasi katikati yake, kwa hiyo wastani ni mdogo zaidi, tuseme 30. Hata hivyo unaona: zinaingia 12, zinatoka 30. Pengo linalipwa na betri, na betri ya Kirikuu ni kitu kidogo cha NS40 ambacho kazi yake ya asili ni kuwasha gari asubuhi na kupumzika.

Matokeo yake nilikuwa nayajua kwa masikio kabla ya kuyajua kwa hesabu. Kuanzia saa sita mchana sauti ya kaka ilianza kukwaruza. Volti zikishuka, besi inakuwa ya karatasi, halafu amplifaya inajizima yenyewe ili isiungue. Kisha gari likizimwa kwa bahati mbaya halirudi tena. Niliwahi kumkuta pale Sabasaba, mbele ya mteja wake, anasukumwa na wanafunzi wa sekondari waliokuwa wanamcheka: "Tangaza basi, mjomba, tangaza!" Aliona nimemwona. Jioni hatukulizungumza.

Baba alifariki mwaka 2014, mimi nikiwa kidato cha pili na kaka akiwa amemaliza cha nne na matokeo ya kuendelea. Hakuendelea. Sipendi kulisimulia hili kwa sababu karibu kila mtu wa kwanza kwenda chuo katika ukoo wake ana kaka au dada wa namna hii, na hadithi imeshachakaa. Ila bila hilo huwezi kuelewa kwa nini likizo ya Desemba, nilipomchorea mpango wa umeme kwenye daftari, aliichana ile karatasi polepole kwa kutumia rula, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaipachika juu ya kile kioo cha kukinga jua mbele ya usukani. Kama leseni.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Betri ya pili, N100, iwekwe nyuma ndani ya sanduku la mbao karibu na amplifaya. Waya mnene utoke betri ya mbele, upite chini ya bodi, ufike ya nyuma: chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha gari. Mbele, karibu na betri ya gari, fyuzi ya amperi 100. Nilimpigia hesabu mbele ya mama: amperi-saa 35 za zamani ukijumlisha 100 mpya ni 135; pengo ni amperi 18; gawanya. Saa saba na nusu. "Siku nzima ya kazi," nikasema, na nikapigia mstari mara mbili. Mama akauliza kama hizo saa saba ni pamoja na foleni ya Msamvu. Tukacheka.

Kaka alinunua betri kwa mkopo wa kikundi. Siku ya kwanza alitangaza hadi magharibi na sauti ikatoka kama asubuhi. Alinipigia simu akiwa barabarani, hakusema kitu, akaigeuza simu dirishani nisikie. Siku ya pili hivyohivyo, ingawa mwishoni ilikwaruza kidogo. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, vyote viwili vikawa vimekufa, betri mpya na ya zamani, na gari likasukumwa upya.

Nilikuwa nimeshapanda basi kurudi Dar es Salaam. Aliyemweleza kosa alikuwa fundi mmoja mzee wa umeme wa magari, mwenye kibanda cha mabati na benchi lililoliwa na asidi. Nilipokuja kukutana naye baadaye alinirudia maneno aliyomwambia kaka, na alinirudia kwa upole ulioniuma zaidi kuliko kama angenikemea. Betri ni ndoo, alisema. Kisima ni altaneta. Aliyekuchorea amekuongezea ndoo, kisima ni kilekile.

Nilikuwa nimepiga hesabu ya mchana peke yake. Zile amperi-saa zilizotoka zilipaswa kurudishwa, na gari la kaka likimaliza kazi huenda nyumbani dakika ishirini na kuzimwa. Isitoshe, betri ya risasi na asidi, ambayo kimsingi haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté aivumbue mwaka 1859, inakunywa kwa pupa ikiwa tupu na kwa kusuasua ikikaribia kujaa. Ile sehemu ya mwisho inataka masaa. Ukiiacha nusu tupu siku baada ya siku, bamba zake zinaota ukoko mgumu wa salfeti na ujazo unapungua kabisa. Haya yote yamo kwenye tasnifu yangu. Yamo ukurasa wa 19, kwa Kiingereza safi, na mifano ya vijiji. Muhula uleule nilikuwa nimewasilisha mada darasani kuhusu bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115, nikapigiwa makofi.

Fundi alimpa kaka dawa ya maskini: chaja ya ukutani. Kila usiku betri ya nyuma ishushwe, ichajiwe kwa umeme wa nyumbani, asubuhi irudi. Kaka akakubali. Betri ya N100 ina uzito unaoweza kukuvunja kiuno, basi akawa anaibeba na kijana wa jirani hadi sebuleni, na kuanzia hapo umeme wa LUKU ukawa mada ya chakula cha usiku. Mama alivumilia wiki moja. Kisha akaanza kulalamika harufu, kama ya mayai, na macho kuwasha. Nilipomsikia kwenye simu nilishtuka, nikawaambia wafungue madirisha usiku uleule na chaja izimwe. Betri ya aina hiyo ikichajiwa hutoa hidrojeni, ambayo haina harufu lakini ikifika kama asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche tu. Na ile harufu ya mayai ni dalili kwamba inachajiwa kupita kiasi. Mama alikuwa anawasha jiko la mkaa hatua tatu kutoka pale.

Ikahamia barazani. Betri mpya barazani Morogoro haifiki asubuhi, kwa hiyo kaka akawa analala nayo. Nilikuwa nalifahamu hilo na nililiona kama kichekesho. Nilimsimulia mwenzangu wa bweni: kaka yangu ameoa betri.

Sasa niseme ule mchana wa picha, kama nilivyoambiwa na watatu tofauti.

Alikuwa Mji Mpya, anatangaza ufunguzi wa duka la vifaa vya ujenzi. Muziki ulikatika ghafla. Gari likaendelea kuunguruma kama kawaida, kwa hiyo akadhani ni amplifaya imejizima, akaendelea hatua kadhaa huku akibonyeza maiki. Watoto waliokuwa wanafuata nyuma ndio waliopiga kelele za moshi. Aliposhuka, sanduku la mbao lilikuwa linafuka na waya unawaka kwa urefu wake wote chini ya bodi. Alijua kitu kimoja, kwamba lazima betri itolewe kwenye waya, na hakuwa na spana mkononi. Aliushika waya pale kwenye kichwa cha betri na kuung'oa.

Watu walimwaga mchanga. Spika moja iliungua, na ilikuwa ya kukodi. Kiganja cha kulia na vidole viwili viliungua hadi kwenye nyama.

Nilipanda treni ya SGR jioni ile. Chini ya saa mbili, na muda wote nilikuwa na karatasi na kalamu, nachora ule mchoro tena na tena, nikitafuta ni nini kilichoungua wakati fyuzi ilikuwepo. Fyuzi ilikuwepo! Niliichora mwenyewe, na kaka aliinunua ile nzuri, si ile ya vipande vya waya walivyozoea kuunga. Mahali fulani baada ya Ruvu ndipo nilipoona, na niliona kwa sababu nilikuwa nimechoka kuchora mishale ikitoka mbele kwenda nyuma, mkono ukachora mmoja kutoka nyuma kwenda mbele.

Betri zilikuwa mbili. Kila moja ni chanzo. Waya uliounganisha ulipita kwenye tundu la chuma chini ya bodi, bila mpira wa kuukinga, na mtikisiko wa barabara za mitaani ukausaga ganda hadi shaba ikagusa chuma. Hapo umeme wa pande zote mbili ukakimbilia kwenye ile shoti. Wa mbele ulikata fyuzi mara moja, kama nilivyokusudia. Ndiyo maana gari halikuzima. Wa nyuma haukuwa na kitu cha kuuzuia. Betri ya ukubwa ule, ikiwa imejaa baada ya kuchajiwa usiku kucha na mtu anayelala nayo barazani, inaweza kumwaga zaidi ya amperi 1,000 kwenye shoti. Waya unaounganisha betri mbili unataka fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake. Fyuzi ya pili bei yake haifiki ya sahani ya chipsi kuku.

Nilifika nyumbani kaka amelala kwa dawa. Asubuhi tukaenda naye kwa fundi, maana alitaka kujua gari litapona lini. Nikamwamkia mzee, shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Alikuwa ameulaza ule waya juu ya benchi, ameunyoosha kama samaki anayetaka kuparwa. Akapima kwa shubiri kutoka mwisho mmoja hadi pale ulipokatika, akapima tena kutoka mwisho wa pili. Kisha akauliza, si kwa ukali:

"Hii kitu alichora nani?"

"Mimi," kaka akasema.

Mzee akamtazama. "Wewe unajua kuchora?"

"Niliangalia mtandaoni, mzee. Nikajiongeza."

Nilisimama pale na mkoba wangu wa chuo begani. Karatasi yenyewe ilikuwa bado iko kwenye gari, juu ya kioo, ndani ya mfuko wake wa nailoni, mwandiko wangu, mstari umepigwa mara mbili. Mzee akaanza kumweleza kaka kuhusu fyuzi mbili, taratibu, kwa kutumia vifuniko viwili vya soda na kipande cha uzi, na kaka alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kosa lake mwenyewe. Nami nikatikisa changu. Nilisema hata "kumbe". Hilo neno nalikumbuka.

Nimejiuliza kwa nini sikusema. Jibu la haraka ni aibu, lakini aibu nilikuwa nayo tangu Ruvu na haikuniziba mdomo. Nadhani nilimwona kaka usoni jinsi alivyosema "mimi", haraka, hata kabla swali halijaisha, kama ambavyo miaka ile alimwambia baba mdogo kwamba shule imemchosha, hataki tena. Alikuwa anailinda ile karatasi. Kijiweni alikuwa ameshawaambia kila mtu kwamba mdogo wake anasomea umeme, shahada ya pili. Kama ningesema, ningekuwa mkweli na ningemnyang'anya kitu. Hivyo ndivyo nilivyojieleza usiku ule, na ni maelezo mazuri, ila yananifaa mno mimi.

Nilirudi chuoni. Nikaandika sura ya tatu. Kila mwezi nilituma sehemu ya posho yangu kulipia ile spika, kaka akawa anaipokea na kunijibu "Asante dada msomi," na sikuweza kujua kama ni kejeli. Hakuwa mtu wa kejeli.

Mwezi Juni nilirudi tena, nikaenda kibandani peke yangu, asubuhi kabla hakujajaa. Mzee alikuwa anaongeza maji kwenye betri za bajaji. Nikamwamkia, nikamwambia: ule mchoro wa Kirikuu ulikuwa wangu.

"Najua, binti," akasema. "Niliutoa pale juu kwenye kioo siku ile ile nilipoenda kulivuta gari. Mwanaume gani anaandika saba namna hiyo?"

Hakucheka, nami sikucheka. Akanipa faneli na chupa, akanionyesha mpaka wa maji usipite bamba kwa zaidi ya upana wa kidole, nikajaza betri nne. Baadaye akaniuliza kama chuoni wanatufundisha kukaza vichwa vya waya kwa kibano. Nikasema hapana. Akasema kaka yako ameleta altaneta ya mtumba, ya amperi 80, kutoka gari kubwa kidogo, na amekuwa akiniuliza utakuja lini.

Tulifunga Jumamosi. Altaneta mzee mwenyewe, kwa sababu ilibidi kipande cha chuma kichongwe ili ikae. Waya mimi. Niliupitisha juu ya bodi, ndani ya bomba la plastiki, mpira kwenye kila tundu. Kaka alinishikia tochi kwa mkono wa kushoto. Vile vidole viwili vya kulia bado havikunji vizuri, na maiki siku hizi anaishika kushoto pia. Nilikaza fyuzi ya mbele. Nikatambaa hadi nyuma, nikakaza ya pili, shubiri moja kutoka kwenye betri.

"Mzee," nikamwambia kaka nikiwa bado chini ya gari, simaanishi fundi, namaanisha yeye, ndivyo tunavyotaniana, "ile karatasi itoe."

"Ipi?"

"Ya kwenye kioo."

Kimya kidogo. Nilimsikia akifungua mlango, akakaa, akachelewa. Aliporudi alikuwa ameishika, bado ndani ya nailoni, na kalamu ya fundi.

"Ongeza hiyo ya pili hapo," akasema. "Nyingine sina."

Nikaiweka juu ya tairi la akiba, nikachora fyuzi ya nyuma, mkono umejaa grisi. Akawasha gari. Mita ikasoma volti 14.1 kwenye silensa, spika zikiwa kimya, na 13.5 alipoweka singeli. Mzee akaomba apunguze, ana wateja. Kaka akazima muziki kabisa, akahesabu kimoyomoyo ule muda wake mrefu, akasogeza maiki mdomoni.